Mtani Aliyetoka Ziwani

Jumapili, 8 Machi 1914

Padri aliyenifundisha kuandika alisema mtu mwoga aandike mambo yake, maana karatasi haimjibu wala haimcheki. Nimeanza leo. Nikimaliza kuandika nitalichomeka daftari kwenye makuti ya paa, juu ya kitanda changu, mahali Bi Shamsia hafagii.

Mimi ni Yakobo, karani wa tatu katika boma la Morogoro. Kazi yangu ni kutafsiri. Bwana Shauri, Mjerumani anayesikiliza kesi, akisema neno, mimi nalisema kwa Kiswahili; mshitakiwa akijibu, nalirudisha kwa Kijerumani. Napanga chumba kwa Bi Shamsia, mjane, hapa Kilakala, chini kabisa ya milima. Yeye ni Mluguru kama mimi, ila yeye Mwislamu na mimi mtoto wa misheni ya Matombo.

Jambo linaloninyima raha ni moja. Mjomba wangu Fransisko, kaka wa mama yangu, alitoroka shamba la mkonge kabla ya Krismasi. Amejificha kwetu juu Matombo. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni aliyeoa. Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa mapadri na kunichukua mgongoni nilipokuwa na ndui. Akikamatwa atatiwa mnyororo na kupigwa, na kifua chake hakiwezi. Bomani hawajui kuwa ni mjomba wangu. Wakijua, watauliza kwa nini karani wao amenyamaza.

Leo mvua imeanza kwa nguvu. Pia amekuja mpangaji mpya, chumba cha uani. Mnyamwezi, anaitwa Salum. Ameshuka kwenye gari moshi la kutoka Kigoma akiwa na furushi moja na wavu wa waya. Nilimwuliza Bi Shamsia anafanya kazi gani.

"Kasema alikuwa hotelini huko ziwani."

"Na hapa amefuata nini?"

"Mwanangu, kalipa. Nimwulize na ndoto zake?"

Ijumaa, 13 Machi

Reli imefika ziwani mwezi uliopita tu, na tayari inatuletea watu tusiowajua.

Jioni nimerudi nikakuta ua mzima unanukia. Salum alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, ameweka wavu wake juu ya mafiga, na juu ya wavu yamejipanga mabawa ya kuku. Mabawa tu. Hapakuwa na paja wala kidari wala firigisi. Aliyapaka ndimu, chumvi, tangawizi iliyotwangwa na pilipili manga, akawa anayageuza kwa vidole kana kwamba moto haumjui.

Nikauliza kuku wenyewe wako wapi.

"Wamekwenda zao kwa miguu," akasema. "Mabawa wameniachia."

Bi Shamsia akacheka hadi kanga ikamteleza. Mimi sikucheka. Mtu asiye na kazi anapata wapi mabawa ya kuku wengi hivyo?

Bi Shamsia yeye shida yake ilikuwa nyingine. "Nani kachinja?"

"Mwislamu mwenzako, Bi. Mpishi wa hoteli ya hapo stesheni, tumetoka naye Tabora. Wazungu wanakula vidari na mapaja. Mabawa wanasema ni mifupa. Mimi nawapunguzia dhambi ya kutupa chakula."

Akanipa moja. Nikamwambia ni Ijumaa ya Kwaresima, sili nyama.

"Mtumwa wangu anakataa chakula changu!" akapaza sauti majirani wasikie. "Babu zangu walipita hapa na meno ya ndovu, babu yako akajificha nyuma ya mgomba. Ndiyo maana mpaka leo shingo yako imepinda hivyo."

Najua ni utani. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya chakula mkononi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini nimewaza hivi: mtu aliyepewa ruhusa ya kusema chochote, akiuliza jambo la kweli katikati ya matusi, nani atamtambua? Kama ningekuwa boma, ningemtuma mtani.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Salum yupo nyumbani mchana kutwa. Haendi kutafuta kazi.

Jumamosi, 21 Machi

Leo tena mabawa. Nimekula, maana si Ijumaa, na kusema kweli sijawahi kula kitu kitamu vile. Ngozi imekauka, ndani bado kuna maji, na pilipili inakuja nyuma, polepole, ukiwa umeshameza. Bi Shamsia anasema msichana akila bawa hatulii kwa mume, ataruka. Yeye amezeeka, amekula matano.

Salum alituhadithia habari za hoteli ya Kigoma. Mwenye hoteli ni Mgiriki. Vyumba vimepakwa chokaa, kila kitanda na chandarua, na baraza lote linatazama ziwa. Alizitaja tabia za wageni mmoja mmoja. Fundi wa reli alilala wiki mbili akilia kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa. Mke wa daktari alihama chumba mara tatu kwa sababu ya mawimbi. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu alijiandikisha kwa jina moja akaondoka kwa jina lingine.

"Umekumbuka vipi yote hayo?" nikamwuliza.

"Ndiyo kazi ya hoteli, karani. Mgeni anadhani kaja kulala. Kumbe kaja kutazamwa."

Alisema hivyo akiniangalia mimi.

Jumapili, 29 Machi

Dada yangu Regina ameshuka na wenzake kuleta ndizi na tangawizi sokoni. Tulikaa uani. Nilikuwa namngoja Salum atoke ili nimwulize Regina habari za Mjomba, lakini hakutoka. Alikaa karibu yetu anatwanga pilipili, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko nafaka kinuni.

"Pilipili hii mnalima upande gani? Njia ya kufika huko inapita wapi? Mto unavukika masika? Nyumba ya kwanza ukifika ni ya nani? Na juu yake?"

Regina, Mungu amsamehe, alimjibu yote. Msichana huyu anamwamini kila anayecheka.

"Na wanaume wa huko wako wapi?" Salum akauliza. "Mbona sokoni wanashuka wanawake tu? Wanaume wa Kiluguru wamejificha migombani kama zamani?"

Regina akacheka. Mimi nikainuka nikamwambia ni saa ya kwenda.

Nilipomsindikiza Regina njiani ndipo akanipa habari. Mjomba amehamia kibanda cha juu zaidi, karibu na msitu, na anakohoa sana kwa baridi. Nikamkanya asiseme neno tena mbele ya yule mtu.

"Salum? Kaka, yule ni mtani."

"Ndiyo maana."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Salum ameondoka tangu jana. Bi Shamsia anasema amepanda mlimani. Bomani nimekosea maneno mawili na Kibwana, karani mkuu, akanisahihisha mbele ya Bwana Shauri.

Jumatatu, 6 Aprili

Amerudi. Mguu umechubuka, nguo zimejaa tope hadi kiunoni, na mgongoni amebeba gunia dogo la pilipili manga. Alilimwaga kwenye ungo akawa anazipekua kama shanga, anazinusa, anamnusisha Bi Shamsia. Kisha akaniita.

"Mtumwa wangu! Nimetoka kwenu. Nimekula ugali wa mama yako, nimelala kwenye kitanda chako cha utotoni. Kifupi. Ndiyo maana hukurefuka."

Nikamwambia karibu tena.

"Na mjomba wako nimemwona. Yule mzee anakohoa kama chura. Nimempa chumvi na kilemba changu cha sufi ajifunge kifuani. Kaniambia nisimwambie mtu." Hapo akainama karibu yangu, mdomo unanuka tangawizi. "Nimekubali. Lakini nimemwambia, mzee, mimi mtani wako, nikikosa mboga nitakuuza bomani kwa mbuzi mmoja. Yeye akasema mbuzi ni wengi, niombe kuku."

Bi Shamsia alikuwa anacheka na kumtukana pamoja. "Mnyamwezi we, alama ya mzigo bado iko mgongoni kwako, leo unauza watu!"

"Si watu, Bi. Waluguru."

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Anajua kibanda. Anajua njia. Amesema waziwazi atamwuza, na amesema mbele ya shahidi ambaye ataapa kuwa ulikuwa mzaha. Hata Mjomba mwenyewe amecheka naye. Ni werevu wa ajabu. Mwizi anayeingia na ngoma, nani atapiga kelele?

Nimewaza yote. Kumsihi siwezi, nitakuwa nimekiri. Kumhamisha Mjomba siwezi, mito imejaa. Limebaki jambo moja: Salum aondoke kabla hajasema. Hana kipande cha kazi, ile kadi inayoonyesha mtu ameajiriwa na nani. Sijawahi kumwona nacho. Mtu asiye na kipande anapelekwa kufanya kazi ya reli mbali, na maneno ya mtu wa namna hiyo hayasikilizwi.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwambia Kibwana. Nilisema tu: kwetu Kilakala kuna mpangaji, hana kazi, sijamwona na kipande. Sikusema zaidi.

Kibwana ni mtu wa Bagamoyo, mtulivu, anavaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku za tope. Alifuta ncha ya kalamu yake kwa kitambaa. "Amekukosea?"

"Hapana."

"Basi umefanya vyema," akasema, na akaendelea kunitazama baada ya kusema hivyo.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Sikwenda kanisani. Mvua, nilimwambia Bi Shamsia. Si mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeambiwa nifuatane na Bwana mdogo wa hazina, Mjerumani kijana, kwenda Kigoma, nimtafsirie. Tunaondoka keshokutwa. Salum bado yuko uani, hawajamfuata. Nilipomwambia nakwenda Kigoma aliruka.

"Lala hotelini kwetu! Mwambie Dadi, mpishi, kwamba Salum anakuja na mzigo. Asimwambie Mhindi yeyote. Umesikia, mtumwa? Mhindi yeyote."

Mzigo gani? Nikajua ninatumwa kupeleka ujumbe wa siri. Nikaamua nitakwenda hadi hotelini huko na nitauliza juu yake, nipate uhakika wa nilichofanya.

Ijumaa, 17 Aprili. Kigoma

Tulilala Dodoma, tukalala Tabora. Sikudhani nchi ina urefu huu. Tumefika leo jioni na nimeliona ziwa. Upande wa pili kuna milima, kwa hiyo halinitishi kama bahari ya Dar es Salaam.

Hoteli ipo. Hilo la kwanza hakudanganya.

Bwana mdogo amepewa chumba cha barazani. Mimi nimepewa stoo nyuma ya jiko, pamoja na magunia ya mchele na harufu ya dagaa. Mawimbi yanasikika hadi huku. Mke wa daktari alikuwa na haki.

Jumapili, 19 Aprili. Kigoma

Niandike vizuri, polepole, maana kila neno litarudi kunihukumu.

Jana na juzi nilimkwepa Dadi. Ni Mmanyema mnene mwenye kovu shavuni, na kila nikipita jikoni nilihisi ananipima. Nilidhani amekwisha kupata habari zangu. Leo Wazungu walikuwa barazani wanakula. Nilichungulia mlangoni nikaona Bwana mdogo wangu, ambaye hula ndizi kwa kisu na uma, ameshika bawa la kuku kwa mikono miwili na mafuta yanamshuka kidevuni. Meza nzima ilikuwa hivyo. Mama mmoja aliyekaa pembeni alikuwa analamba vidole.

Dadi akasema nyuma yangu, "Wanakuja na suruali zilizonyooka. Wakifika kwenye mabawa, wote watoto."

Nikauliza, nani amewafundisha.

"Salum, mhudumu wetu. Alianza kuyachoma nyuma hapa, tule sisi. Harufu ikamfikia Mgiriki. Siku hizi mgeni akilala siku moja anaongeza ya pili kwa ajili ya mabawa. Ila pilipili manga inatuishia. Mhindi anaiuza kwa bei ya dhahabu. Salum akasema iko milimani kwa Waluguru, sasa kuna gari moshi, nipe ruhusa nikaitafute. Mgiriki akampa, na nauli, na kipande chake kikabaki hapa." Akafungua droo ya meza ya jikoni, akanionyesha. Kilikuwa pale, pamoja na visu. "Mgiriki anakishika ili asitoroke. Atatoroka wapi Salum? Huyu mtu akikosa watu wa kutania anaugua."

Nilisema kwa shida kwamba Salum amepata pilipili. Kwamba amesema Mhindi yeyote asiambiwe.

Dadi alipiga makofi. "Na wewe kabila gani?"

"Mluguru."

"Aa! Basi wewe ndiye unayeteseka naye! Kakutukana?"

"Sana."

"Basi kakupenda."

Nilitoka nikaenda hadi majini. Watu walikuwa wanafua, watoto wanaogelea. Nilikaa kwenye jiwe. Maswali yote yale, njia, mto, nani analima nini, nyumba ya nani iko juu ya nyumba ya nani. Mnunuzi wa pilipili angeuliza nini kingine?

Lakini hata hapo, na hili ndilo linalonitisha, kuna sauti ndani yangu iliyosema: huenda Dadi naye amefundishwa la kusema.

Jumatatu, 20 Aprili. Kigoma

Nimemwomba Bwana mdogo turudi mapema. Ameniuliza kama naumwa. Anataka kulala siku mbili zaidi, chakula kimempendeza.

Jumapili, 26 Aprili

Nimefika jana. Chumba cha uani ni kitupu. Askari walikuja Jumatano.

Bi Shamsia hakunisalimu. Nilipomwamkia, shikamoo Bi, aliitika marahaba akiwa ameelekea ukutani. Ungo wa pilipili uko pale pale, umefunikwa kwa kanga.

"Walimwuliza kipande," akasema. "Akawaambia kiko Kigoma. Wakacheka. Wakamwuliza mlimani alifuata nini. Akasema pilipili. Wakacheka zaidi." Kisha akageuka. "Nani kawapa habari za mlimani, Yakobo? Mimi? Regina?"

Mimi sikusema habari za mlimani. Naapa. Lakini mtu akisema asubuhi kwamba nyumba ina moshi, jioni si wageni watauliza kinachoungua?

Jumatatu, 27 Aprili

Asubuhi, kabla ya kesi, nilimwendea Kibwana. Nikamwambia nimetoka Kigoma, nimekiona kipande cha Salum kwa macho yangu, ni mtumishi wa hoteli kweli.

Kibwana alinisikiliza hadi mwisho. "Wewe ulimleta. Sasa unamtoa. Bwana Shauri atauliza kwa nini. Una jibu?"

Nikaanza kupanga karatasi za kesi.

"Basi tafsiri tu, mwanangu. Tafsiri ni kazi safi."

Salum aliletwa amefungwa mikono. Amekonda kwa siku hizo chache. Bwana Shauri aliuliza, nami nikauliza. Kwa nini huna kipande? Akasema kiko kwa Mgiriki. Nilitafsiri vyema, nikaongeza kwamba hoteli hiyo ipo, nimelala huko. Bwana Shauri akasema hakuniuliza nililala wapi.

Kisha akauliza lile nililoliogopa tangu Machi. Milimani kuna watoro wa mashamba. Huyu alikuwa huko siku nne. Akitaja mmoja, akitaja kibanda kimoja, anatoka leo hii. Asipotaja, viboko hamsa ishirini na kazi ya mnyororo.

Ilinibidi nilitamke swali hilo kwa mdomo wangu. Nililitamka nikitazama mezani. Askari wawili mlangoni, Kibwana kwenye kiti chake, mvua kwenye mabati. Salum alikuwa na Mjomba mkononi kama alivyokuwa akishika bawa juu ya makaa. Angemwachia tu.

"Mwambie Mzungu," Salum akasema, "namjua Mluguru mmoja aliyejificha. Yupo humu humu. Amejificha nyuma ya kalamu."

Askari mmoja akabana kicheko. Yeye ni Msukuma, ndugu wa Wanyamwezi, alielewa utani.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza.

Nikasema kwa Kijerumani, "Anasema hamjui mtu yeyote."

Walimtoa nje. Nilibaki nimeketi kwenye meza yangu. Sikuhesabu. Nilisikia yeye akihesabu, kwa sauti, kwa Kinyamwezi, mpaka mahali fulani akaacha.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Bi Shamsia anapeleka uji gerezani. Mimi sijapeleka kitu.

Jumamosi, 2 Mei

Regina alikuwa sokoni. Bi Shamsia amemsimulia yote; amepanda na habari hizo. Nilimkimbilia njiani kumwomba asimwambie Mjomba. Alikuwa ameshavuka mto.

Jumatano, 6 Mei

Mjomba Fransisko ameshuka.

Tulikuwa kwenye shauri la mpaka wa shamba. Askari yule Msukuma akaingia akasema kuna mzee nje, anasema ni mtoro, anataka kuandikwa. Bwana Shauri alidhani amesikia vibaya.

Aliingia polepole. Shati lake lile la kanisani, limelowa, na kifuani amejifunga kilemba cha sufi. Alisimama katikati ya chumba akakohoa hadi akainama. Alipoinuka alinitazama mara moja, kama mtu anavyotazama kiti, kisha akaondoa macho.

Bwana Shauri akauliza: umetoroka wapi? Akataja shamba. Kwa nini umekuja mwenyewe?

"Kuna mtu mmefunga kwa ajili yangu," Mjomba akasema. "Mnyamwezi. Hakunificha. Alikuja kununua pilipili akanikuta. Ni mtani wangu. Mtani akipigwa kwa ajili yako, wewe utazikwa na nani?"

Nilitafsiri. Neno mtani sikuliweza kwa Kijerumani. Nilisema rafiki, na nikaona jinsi lilivyo dogo.

Bwana Shauri alikuna shingo. Alionekana amechoka, na kidogo amependezwa. Akasema mtu aliyejileta hatamtia mnyororo; atarudishwa shambani amalize mkataba wake, kama kuna mtu wa kumdhamini kwamba hatatoroka tena. Kama hakuna, gereza.

"Mwulize kama ana ndugu hapa mjini."

Nikamwuliza. "Mzee, una ndugu hapa mjini?" Mzee. Nilimwita hivyo.

"Sina," akasema, haraka, kabla hata sijamaliza.

Nilielewa. Alikuwa ametembea siku mbili kwenye tope na jibu hilo mdomoni. Lilikuwa zawadi, na nilichotakiwa kufanya ni kulipokea na kuligeuza kuwa Kijerumani, neno moja, kazi safi kama alivyosema Kibwana. Bwana Shauri alikuwa ameinua macho ananisubiri. Kibwana pia.

Nikasema, "Anasema hana. Lakini anaye. Ni kaka wa mama yangu. Nitamdhamini mimi."

Sijui ninyi mtakaosoma, kama mtakuwepo, mtadhani nilijisikia shujaa. Nilijisikia nataka kwenda msalani.

Bwana Shauri aliuliza tangu lini nimejua. Nikasema tangu Desemba. Akaandika. Kisha akaniambia nitoke, na Kibwana akachukua ufunguo wa meza yangu bila kunitazama.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefukuzwa kazi. Mshahara wa mwezi umezuiwa. Hakuna kiboko, Kibwana ndiye aliyeniombea, nimeambiwa, na bado najiuliza anataka nini kwangu. Mjomba amerudishwa shambani pamoja na barua ya kwamba afanye kazi ya kivulini mpaka kifua kipone. Nani ataisoma barua hiyo huko, sijui. Jina langu liko chini yake. Akitoroka, nitaingia mimi.

Salum ameachiliwa.

Ijumaa, 8 Mei

Amelala kifudifudi uani chini ya upenu. Bi Shamsia anamkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Nilimweleza Salum kila kitu: Kibwana, kipande, Dadi, droo yenye visu. Nilimwambia nilidhani ametumwa. Nilimwambia alisema atamwuza Mjomba kwa mbuzi.

Bi Shamsia aliacha mkono hewani. "Na wewe uliamini?"

Salum aliomba maji. Nikampa. Akanywa.

"Ahsante," akasema.

Jumamosi, 9 Mei

Jua limetoka asubuhi, la kwanza siku nyingi. Milima yote inaonekana hadi juu.

Salum ameondoka na gari moshi la leo. Nilimbebea gunia la pilipili hadi stesheni; mgongo wake haubebi. Bi Shamsia alikuja nasi. Njia nzima alikuwa akimtania, mvivu we, mzigo wa pilipili tu umekushinda, na yeye alimjibu tusi kwa tusi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya Machi. Mimi nilitembea nyuma na gunia, nikingoja zamu yangu. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandaa hata la kumjibu, la kwanza maishani mwangu, juu ya Wanyamwezi na wake zao.

Mpishi wa hoteli ya stesheni alimletea mabawa yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, ale njiani. Salum alilifungua, akampa Bi Shamsia moja kwa kumtupia. Akachagua lingine, zuri, lenye ngozi nzima. Akalishika kwa mikono miwili na kunipa, ameinamisha kichwa kidogo.

"Karibu, Bwana Yakobo," akasema. "Nashukuru kwa kunibebea mzigo. Mungu akulipe kwa wema wako. Unisalimie wazazi."

Kengele ikalia. Akapanda. Alipunga mkono kwa adabu, kama wapungavyo wageni wa hoteli wakiondoka.

Bi Shamsia alisimama na bawa lake mkononi hajalila. Gari lilipopotea ndipo akanigeukia.

"Amekuita Bwana," akasema taratibu. "Mwanangu, heri angekutukana."